Alichomficha Daktari

Mwanamume ambaye mtaa mzima ulimwita Breki alikuwa amefundisha udereva zaidi ya nusu ya maisha yake, na jina hilo alilipata kihalali. Gari lake la kufundishia lilikuwa na pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja ya kwake, na waliopita mikononi mwake walisema ya kwake ndiyo iliyochakaa. Ndani ya gari alikuwa mtu wa sauti ya juu, mwepesi wa kuushika usukani wa mwenzake. Akishuka, alikuwa mpole, tena mwenye haya kupita kiasi. Hakuvua shati mbele za watu hata siku za joto kali, wala hakuwahi kutaja habari za chooni mahali penye watoto. Wanawe walikua wakidhani baba yao hana kitu kinachoweza kuuma chini ya shingo.

Mkewe alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, na tangu hapo binti yake wa kwanza ndiye aliyeishika nyumba. Aliolewa, akakaa mtaa wa pili, lakini ufunguo wa kwa baba yake ulikuwa kwenye mkoba wake sawasawa na wa kwake mwenyewe. Alifanya kazi katika kampuni ya bima, na kampuni iliwaruhusu wafanyakazi kuwaandikisha wazazi wao wachunguzwe afya mara moja kwa mwaka. Akamwandikisha baba yake. Breki akaenda Jumatatu asubuhi, akatoa damu, akapimwa presha, akarudi kazini, akasahau. Kilichomponza ni kwamba namba ya simu iliyobaki kule kliniki ilikuwa ya binti. Majibu yalipotoka, aliyepigiwa ni binti.

"Baba, wanataka urudi," alimwambia jioni ile, akiwa bado amesimama mlangoni na viatu mguuni. "Sukari iko sawa, presha iko sawa. Ni kile kipimo cha tezi dume. Kimepanda."

Breki akaishia kuitazama sahani yake. Kusikia neno hilo likitoka kinywani mwa mtoto aliyekuwa akimbeba begani kulimfanya atamani ardhi ipasuke immeze. Alitaka kusema kwamba atakwenda mwenyewe, kwamba mambo hayo ni ya mtu mzima na mwili wake. Lakini binti alikuwa ameshaomba ruhusa kazini, na macho yake yalikuwa mekundu. Mama yao naye alianza hivyohivyo, kwa simu kutoka kliniki. Breki hakuweza kumwambia mtoto mwenye macho yale abaki nyumbani.

Kwa hiyo waliingia wawili kwenye kile chumba, wakakaa kwenye viti viwili vilivyogusana, na daktari aliponyanyua kichwa, Breki akahisi jasho linamtoka mgongoni. Alimjua. Daktari huyu alikuwa mwanafunzi wake. Alimfundisha yeye, kwenye gari lilelile, na siku moja kwenye mzunguko mkubwa wa barabara alimfokea mpaka msichana akalia, akamwambia mtu asiyejua kulia na kushoto hana haki ya kushika usukani.

"Mwalimu, karibu," daktari alisema, na kwa sauti yake ilionekana hana kinyongo. "Leo zamu yangu kukuhoji."

Akamweleza taratibu. Tezi dume, alisema, ni tezi ndogo iliyo chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo. Inatengeneza kitu fulani, na kiasi kidogo cha kitu hicho huvuja kikaingia kwenye damu. Hicho ndicho walichokipima. Kwa mwanamume wa umri wake wangetegemea nne hivi, au chini ya hapo. Chake kilikuwa kumi na moja.

"Sasa nisikilize vizuri, maana wengi wakisikia hivi hawasikii tena kinachofuata. Hii namba si ugonjwa. Ni kama ile taa nyekundu kwenye dashibodi. Inakwambia simama, fungua boneti, angalia. Inaweza kuwa saratani, ndiyo, na hatutaipuuza. Lakini tezi inaweza kuwa imevimba kwa sababu ya umri tu. Inaweza kuwa imeshambuliwa na vijidudu. Hata mambo madogo yanaipandisha. Ndiyo maana nina maswali."

Binti alikuwa ameushika mkono wa baba yake. Kati ya maneno yote yale, wote wawili walibaki na moja tu, na lilikuwa saratani.

Daktari aliuliza kama anapokojoa panauma au panachoma. Breki akasema hapana. Ukweli ni kwamba kwa siku nyingi mkojo ulikuwa ukimchoma kama pilipili, na kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine alikuwa akikimbilia nyuma ya ukuta wa uwanja wa mazoezi, akisimama pale ameuma meno. Daktari akauliza kama amepata homa au baridi. Hapana. Anapanda baiskeli? Hapana, na hilo angalau lilikuwa jibu la kweli.

"Hili linalofuata namuuliza kila mwanamume, kwa hiyo unisamehe, Mwalimu," alisema daktari. "Zile siku mbili kabla ya kutoa damu, ulikutana kimwili na mwanamke?"

Binti aliuachia mkono. "Daktari, mama yetu alishafariki," alisema.

"Poleni. Lakini nahitaji anijibu mwenyewe."

Breki alitazama bango la ukutani lililoonyesha mtoto akinawa mikono. Alilitazama kama mtu anayesoma.

"Hakuna mwanamke," alisema. "Niko peke yangu. Hakuna mtu yeyote."

Mtu huyo alikuwepo. Watu walimwita Mama Miwani, kwa sababu alikuwa na duka la kupima macho na kuuza miwani kwenye kona ya barabara ya sokoni. Aliachana na mumewe zamani, akalea mapacha wake peke yake mpaka wakajitegemea, kisha akaamua, ukubwani, kujifunza gari. Breki alimfundisha. Siku ya kwanza tu Mama Miwani aligundua kwamba mwalimu wake anasoma vibao vya barabarani kwa kukisia. Hakumcheka. Alimwambia apite dukani, akampima, akamtengenezea miwani ambayo Breki aliivaa akaona majani ya miti mojamoja.

Ilianza na chai, ikawa Jumapili. Kila Jumapili mchana Breki aliwaambia watoto wake anakwenda kumtazama rafiki yake wa zamani mwenye mguu mbaya. Binti mwenye huruma aliwahi kumtumia huyo rafiki chupa ya dawa ya kuchua. Mama Miwani aliicheka sana siku hiyo, akaiweka kabatini, akawa anajichua nayo magoti. Lakini Breki aliona kwamba siku hiyo hakumsindikiza mpaka mlangoni. Gari aliliacha mitaa miwili nyuma, kana kwamba gari lililoandikwa maneno makubwa ubavuni na kibao juu ya paa linaweza kujificha, na aliingia kwa mlango wa uani. Watoto hawajawa tayari, alikuwa akimwambia, wape muda. Mwaka ulipita na zaidi, na ukweli ni kwamba watoto hawakuwahi kuulizwa.

Jumapili ile ya kabla ya kipimo alikuwa kwake.

Daktari alimwomba binti atoke nje kidogo, ili amchunguze baba yake. Mlango ulipofungwa, akavuta kiti karibu.

"Tumebaki wawili, Mwalimu. Kuna lolote unataka kuongeza?"

Hapo ndipo angesema. Mara nyingi baadaye aliirudia dakika ile kichwani mwake, na kila mara masikio yalimwaka moto. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Lakini alimtazama yule daktari akamwona msichana aliyemliza kwenye mzunguko, na akaona jinsi atakavyomtamkia habari za kitandani na za mkojo unaochoma, mzee mzima mwenye wajukuu. Akasema hana la kuongeza. Daktari alipomweleza kwamba angependa kuipapasa ile tezi kwa kidole, kwa njia ya nyuma, Breki alisimama akafunga mkanda ambao haukuwa umefunguliwa. Akasema siku nyingine.

Daktari hakumlazimisha. Alisema kwa kuwa hakuna sababu nyingine inayoonekana, atampa rufaa kwa bingwa wa njia ya mkojo katika hospitali kubwa. Huko watampiga picha ya tezi, na huenda wakachukua vipande vidogo vya nyama wakavipima. Wakati wa kuagana alimwambia kwamba akikumbuka chochote, hata kama ni kidogo, arudi.

Nyumbani mambo yakashika kasi. Binti alihamisha nguo zake akaja kulala kwenye chumba chake cha usichana. Kaka yake aliyekuwa akifanya kazi mbali alikata tiketi ya kuja. Wa mwisho, aliyekuwa hajui kuongea na baba yake zaidi ya dakika mbili, akawa anapiga simu asubuhi na jioni, anauliza umekula nini, kisha wote wawili wanakohoa. Shemeji zake Breki walikuja, wakakaa sebuleni wakiongea kwa sauti ya chini, sauti ya msibani. Mdogo wake mwenyewe, mtu wa mizaha, alimpiga bega akamwambia usijali, ile mashine ilishafanya kazi yake, na chumba kizima kikacheka isipokuwa mwenye mashine.

Breki alikaa katikati yao kama mwizi aliyekalishwa kiti cha mgeni wa heshima. Waliokuwa wakimhurumia hawakujua. Kila alipoletewa supu aliisukuma kando.

Na ndani ya aibu hiyo kulikuwa na nyingine, mbaya zaidi, ambayo hakuweza kuiangalia usoni. Kwa sababu ya mkojo ule unaochoma alikuwa ameanza kumshuku Mama Miwani. Alijiuliza kimya kimya huyu mama alikuwa na nani kabla yake, au hata pamoja naye. Alijiuliza kama amemwambukiza kitu, kama hayo yote si malipo ya zile Jumapili. Hakuwa na sababu hata moja ya kufikiri hivyo. Alifikiri hivyo kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko kujifikiria mwenyewe.

Akaacha kwenda. Hakumpigia simu, na simu zake hakuzipokea. Akiwa kazini, kila mwanafunzi aliyekaribia barabara ya sokoni aliamriwa akate kona mapema. Mwanafunzi mmoja, karani wa benki aliyekuwa anajiandaa kwa mtihani, alimuuliza kwa nini siku hizi hawapiti sokoni ilhali ndiko mtihani unakofanyika. Breki alimjibu kwamba dereva mzuri hajibizani na mwalimu wake.

Habari zilimfikia Mama Miwani kwa mdomo wa binti mwenyewe. Kioo cha miwani ya binti kilichomoka, akaenda dukani kukirudishia, akamwamkia yule mama kama watu wote wanavyomwamkia, na alipoulizwa habari za nyumbani akashindwa kujizuia. Akalia pale kwenye kiti cha wateja. Akaeleza yote: kumi na moja, rufaa, vipande vya nyama. Mama Miwani alifunga mlango wa duka, akamletea maji, akaushika mkono wake mpaka alipotulia. Habari za Jumapili hakuzigusia.

Kesho yake mchana alikuja uwanjani. Breki alikuwa amekaa garini peke yake, kwenye kiti chake cha upande wa abiria, akisubiri mwanafunzi anayefuata. Mlango wa dereva ukafunguliwa, Mama Miwani akaingia, akaushika usukani kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Hakumtazama.

"Nimesikia unaumwa," alisema. "Nimesikia kwa binti yako."

Breki alianza kueleza kwamba hakutaka kumtia wasiwasi. Mama Miwani alimwacha amalize, kisha akamuuliza daktari alimhoji nini. Breki akasema mambo ya kawaida. Mama Miwani akasema ayataje hayo ya kawaida. Ikabidi ayataje, moja baada ya jingine, na kila moja lilivyokuwa likitoka aliona linazidi kuwa dogo na la kipumbavu.

"Ulimwambia unachomwa na mkojo? Maana mimi nilikuona. Ulikaa msalani mpaka nikagonga, ukatoka na machozi ukasema ni sabuni."

"Sikumwambia."

"Na kipimo kilikuwa Jumatatu asubuhi. Jumapili ulikuwa wapi?"

Breki akaanza kufuta dashibodi kwa kiganja.

"Ulimwambia ulikuwa wapi?"

"Mtoto alikuwa pale," Breki alisema. "Ningesemaje mbele ya mtoto?"

"Ulisemaje?"

Aliona kwamba akimdanganya na huyu, hatakuwa na mtu tena. "Nilisema hakuna mtu yeyote."

Mama Miwani alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepimiwa kitu na kukuta ni kilekile alichokikadiria. Nje, vigingi vya mazoezi vilikuwa vimeangushwa na mwanafunzi wa asubuhi, na hakuna aliyevisimamisha.

"Nilikuwa najua nakaa uani," alisema hatimaye. "Hilo nililikubali mwenyewe, sikulaumu. Lakini nilidhani nakaa uani kwa mtu. Kumbe hata uani sipo." Akafungua mlango, akateremsha mguu mmoja, akasimama hapohapo. "Rudi kwa yule daktari umwambie ukweli. Si kwa ajili yangu. Wanataka kukutoboa nyama, na wewe umewanyima habari wanayoihitaji. Ukishasema, mambo yetu mimi na wewe tutayaona, au hatutayaona."

Alishuka akaenda zake. Mwanafunzi alipofika, Breki alimwambia somo limeahirishwa.

Alirudi kliniki peke yake. Alikaa kwenye benchi, jina lake likaitwa, akaingia, akabaki amesimama. Daktari alimwonyesha kiti. Breki alisema afadhali asimame, kwa sababu akikaa hatasema. Kisha akayasema yote bila kupumzika, macho kwenye bango la mtoto anayenawa mikono: kuchoma, kukimbilia ukutani, Jumapili. Alipofika mwisho akaongeza lile lililokuwa zito kuliko yote, kwa sauti ambayo daktari ilibidi amwombe airudie.

"Nauliza kama nimeupata kwake. Huo ugonjwa."

Daktari hakucheka, wala hakushangaa, na Breki angependelea ashangae. Alimpa kikopo cha mkojo, akampeleka maabara, na majibu yalipokuja akamweleza kama alivyomweleza mara ya kwanza. Mkojo ulikuwa na vijidudu. Vijidudu wenyewe ni vile vya kawaida vinavyoishi tumboni mwa kila mtu. Mwanamume akifikia umri wake, tezi inatanuka, mkojo haumaliziki vizuri kibofuni, na hapo vijidudu vinapata makao. Hakuambukizwa na mtu. Vijidudu vikishaifikia tezi, tezi inawaka, na ikiwaka inavuja mno, na namba inaruka juu. Kulala na mwanamke siku moja kabla ya kipimo nako kungeweza kuisukuma kidogo.

"Kwa hiyo si yeye," alisema Breki.

"Si yeye. Ni wewe na kibofu chako."

Aliona uso unamwaka. Kwa majuma mazima alikuwa amemhukumu mwanamke yule moyoni mwake, na kosa lilikuwa la tumbo lake mwenyewe. Safari hii daktari alipomwomba ampapase, alikubali. Ilikuwa haraka, na iliuma, na daktari akasema maumivu yale yanalingana na anachokishuku, na kwamba hajagusa uvimbe mgumu. Akamwandikia dawa za kuua vijidudu za majuma kadhaa. Wangesubiri tezi itulie kabisa, mwezi na nusu hivi, kisha wapime damu upya, na safari hiyo akae mbali na mwanamke siku mbili kabla. Rufaa ya hospitali kubwa ingesimama mpaka hapo. Isingefutwa, alisisitiza. Ingesimama.

"Ungeniambia siku ile, ungekuwa umeshaanza kupona," daktari alisema. Halafu, kama aliyeogopa ameyasema vibaya, akaongeza, "Wengi hawasemi, Mwalimu. Hasa wakija na watoto wao. Kosa langu pia. Ningemtoa binti kabla ya kuuliza."

Breki alisema kosa si lake. Alitaka pia kumwomba radhi kwa siku ile ya mzunguko, lakini alishindwa, akasema asante mara nyingi mno.

Kilichobaki ndicho kilichomtisha. Binti alikuwa ameshachukua likizo kwa ajili ya hospitali kubwa. Alimkuta chumbani anapanga begi: pijama mpya, taulo, ndala, kila kitu kimekunjwa kwa ncha kali kama alivyofundishwa na mama yake. Breki alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Akamwambia begi halihitajiki kwa sasa. Akamweleza habari za vijidudu, na binti akaanza kutabasamu, akakaa chini, akafunika uso kwa viganja kwa furaha. Akauliza kwa nini daktari hakuligundua hilo tangu mwanzo.

"Kwa sababu nilimdanganya," alisema Breki. "Na kuna jingine nililomdanganya."

Alimwambia. Alimtaja mtu na duka lake. Binti alisikiliza bila kumkatiza, na furaha ikamtoka usoni polepole.

"Rafiki yako mwenye mguu," alisema.

"Ndiyo."

"Nilimtumia dawa ya kuchua."

"Aliitumia," alisema Breki, na palepale akatamani angeumeza ulimi.

Binti alisimama akaanza kutoa vitu begini kimoja kimoja.  "Sijakasirika kwamba una mtu, Baba. Labda ningekasirika mwaka jana, sijui. Nimelala hapa nikilia kwenye mto wa mama. Uliniona asubuhi na macho yamevimba, ukaniuliza kama nimelala vizuri. Na nilikwenda kulia kwa yule mama. Alinipa maji. Alikuwa anajua mimi ni nani kwake, mimi sijui yeye ni nani kwangu. Umetuweka wapi sisi wawili?"

 Breki alikaa na mikono katikati ya magoti kama mwanafunzi aliyegonga ukuta. Baadaye, mbele ya binti, ilibidi ampigie kijana wake wa mbali amwambie asisafiri. Kijana alicheka sana, kisha akasema tiketi hairudishwi na atakuja tu, maana sasa ana mambo ya kumwambia uso kwa uso. Alikuja. Aliyasema. Breki aliyasikiliza yote.

Mkojo uliacha kuchoma kabla hata dawa hazijaisha. Siku ya kipimo cha pili binti alimpeleka mpaka getini, akabaki garini. Namba ilikuwa imeshuka mpaka tano na ushee. Daktari alifurahi, lakini hakumruhusu kusherehekea. Tano bado iko juu kidogo. Inaonekana ni tezi iliyotanuka kwa umri, alisema, lakini kuonekana si kuthibitika. Watapima tena baada ya miezi mitatu, na kama itakataa kushuka au itapanda, ile picha ya tezi itapigwa. Breki aliuliza kama amepona. Daktari akasema maambukizi yameisha, na namba wataifuatilia pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza Breki kukubali jibu ambalo halikuwa ndiyo wala hapana.

Kwa Mama Miwani alikuwa ameshakwenda kabla ya hapo, akakuta mlango wa uani umefungwa kwa ndani. Aligonga. Sauti ikamjibu kwamba duka lina mlango wa mbele na saa za kazi zimeandikwa. Siku iliyofuata akaegesha gari barabarani mbele ya duka, kibao na maandishi na yote, akaingia kati ya wateja, akakaa kwenye benchi. Mama Miwani alimhudumia kila mtu aliyekuwepo, na waliokuja baada yake pia. Breki alingoja. Wateja walimtazama, wakatazamana. Zamu yake ilipofika alisimama na kusema, watu wakisikia, kwamba amekuja kumwomba msamaha, na kwamba watoto wake wameshajua.

Mama Miwani alikuwa akifuta kioo. Alisema amesikia. Hakusema amesamehe. Alisema anaweza kurudi kesho, kwa mlango huohuo. Breki akawa anarudi, siku nyingine anapewa chai, siku nyingine anaambiwa leo kuna kazi nyingi.

Aliyewaita chakula cha mchana hatimaye ni binti, kwa ujumbe mfupi wa simu usio na salamu. Haikuwa furaha. Binti alipakua chakula akizungumza na kila mtu isipokuwa baba yake. Mkwewe aliulizia bei ya miwani ya jua mara mbili kwa kukosa la kusema. Mama Miwani aliongea zaidi na wajukuu, akawapima macho kwa kuwasomesha maandishi ya pakiti ya chumvi kutoka upande wa pili wa chumba. Wakati wa kuondoka binti alimshika mkono, akaushikilia kidogo, akamwambia karibu tena. Kwa baba yake akasema endesha salama.

Garini Breki alikaa bila kuwasha. Mama Miwani akamuuliza ana nini.

"Naona haya," alisema. "Nilidhani nikishasema itaisha. Haijaisha."

"Itachukua muda," alisema Mama Miwani. Alivuta mkanda akaufunga. "Ona haya tu, hakuna anayekukataza. Lakini washa gari, wanatuangalia dirishani."

Breki akawasha gari, wakaondoka, wakapita barabara ya sokoni.